Ghala na nyumba chini ya bati moja: mwongozo kamili kwa mkulima anayetaka kulala karibu na mahindi yake bila kujiumiza

Siku hizi zile picha za Marekani za banda kubwa la chuma, upande mmoja trekta upande mwingine sebule yenye kochi na taa za kuning'inia, zinazunguka sana kwenye simu za watu na kila mtu anatamani. Wazo lenyewe ni zuri na wala sio geni kwetu. Mchaga wa zamani alilala nyumba moja na ng'ombe wake, Mgogo kwenye tembe lake vivyo hivyo, na sehemu nyingi mahindi yalikaa darini juu ya moto wa jikoni ili moshi ufukuze wadudu. Shida inaanza pale unapochukua ramani ya mzungu kama ilivyo, maana lile banda lake mara nyingi linatunza magari na mashine, alafu wewe unataka kuweka gunia 200 za mahindi ambayo watoto wako watakula mpaka msimu ujao.

Nitaongelea mkulima wa mahindi wa nyanda za juu kusini, Njombe, Makambako, Iringa, Mbeya huko, mvua ni moja kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi na kuvuna ni Juni mpaka Agosti. Bei inakuwa chini kabisa pale watu wote wanapovuna, ukiweza kutunza mpaka Januari au Februari mara nyingi unapata bei ya kueleweka, na ndo maana ghala linalipa. Ukiwa Sumbawanga mengi ni yale yale.

Msimamo wangu nauweka mapema: hela yako usiitupe kwenye gorofa wala kwenye vioo vikubwa, itupe kwenye ile nafasi kati ya ghala na chumba cha kulala. Hapo pakikosewa unaweza kupoteza mtu.

Kwanza elewa ni nini kinachotembea kutoka ghalani kuja kitandani

Vitu vinne: panya, gesi, vumbi na moto.

Panya wanafuata mahindi, wakimaliza kula wanakuja kulala darini kwako. Sio usumbufu tu. Lushoto na Mbulu zimewahi kuwa na tauni, na tauni inabebwa na viroboto wa panya, kwahiyo kulala chumba kimoja na mahindi kwenye maeneo kama hayo ni kujiita matatizo.

Gesi ndo mbaya zaidi. Vile vidonge vya kufukiza mahindi vinavyouzwa madukani vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini, kidonge cha gramu 3 kinatoa gramu 1 nzima ya gesi. Inapenya kwenye ufa, inapita juu ya ukuta usiofika kwenye bati, inashuka chumbani watu wamelala. Wengine wanasubiri harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza ndo washtuke, ila harufu sio ya kutegemea kabisa, unaweza usiisikie na gesi ipo. Kwahiyo kwenye jengo la aina hii sheria ni moja: VIDONGE VYA GESI HAVITUMIKI NDANI YA HILI JENGO, hata siku moja, hata kama jirani anatumia na hajafa.

Sasa dumuzi tunamuuaje? Dumuzi (wazee wengine wanamwita scania) alionekana Tabora miaka ya 1970 mwishoni, katokea Amerika ya Kati, na anageuza gunia kuwa unga. Jibu ni mifuko ya PICS, wengine wanaita kinga njaa: nailoni mbili nzito ndani na salfeti nje. Ukifunga vizuri wadudu wanamaliza hewa ya oksijeni wenyewe wanakufa, hakuna dawa. Ilianza kwa ajili ya kunde kule Kameruni, watu wa Chuo Kikuu cha Purdue ndo waliitengeneza, leo inatumika kwa mahindi karibu kila mahali. Bei yake ni kubwa kuliko salfeti ya kawaida ila inarudiwa zaidi ya msimu mmoja kama haijatoboka. Silo la chuma nalo linafaa ukiwa na uwezo.

Hatua ya 1: Ramani

Mimi napendekeza jengo refu jembamba, mita 18 kwa 8, mgawanye kwa vipande vya mita 3 kwasababu ndo vinamrahisishia fundi kupanga kenchi. Upande wa magharibi ghala, vipande viwili, mita 6 kwa 8. Katikati kipande kimoja cha mita 3 kinabaki WAZI mbele na nyuma, kina bati juu ila hakina ukuta wala dari, kibaraza cha kupita upepo. Upande wa mashariki vipande vitatu, mita 9 kwa 8, ndo nyumba: sebule, vyumba viwili, choo na jiko.

Kile kibaraza watu watakwambia ni kupoteza eneo. Usiwasikilize. Pale ndo unapaki pikipiki na pawatila, unachambua maharage mvua ikinyesha, unakaa na wageni jioni, na zaidi ya yote panakata njia, maana kati ya mahindi na wewe sasa kuna ukuta, hewa ya wazi mita 3, alafu ukuta mwingine.

Pande ndefu zielekee kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na jioni lipige pande fupi tu. Upepo wa sehemu kubwa ya mwaka unatoka kusini mashariki, kwahiyo nyumba ikiwa mashariki na ghala magharibi vumbi linaenda mbali na wewe. Ubaya wake ni kwamba ukuta wa ghala utapigwa na jua la jioni, na dawa yake ni kushusha bati upande ule liwe na kivuli, ambapo ndo lori linashusha mzigo.

Kupanga vyumba: sebule ndo ipakane na kibaraza, vyumba vya kulala vikae mbele zaidi, jiko mwisho kabisa mbali na ghala. Sebule iwe na dirisha linaloangalia mlango mdogo wa ghala, mwizi akitaka kuingia lazima apite mbele ya macho yako. Ule mlango mkubwa wa lori ufungwe kwa komeo la ndani.

Hatua ya 2: Hesabu ya mahindi

Usijenge ghala kwa kukadiria kwa macho. Kwenye mita 6 kwa 8 acha njia ya mita 1 kuzunguka kuta zote, acha na ya katikati, unabaki na lundo mbili za mita 4 kwa 2.5, yaani mita za mraba 20. Ukipanga kwenda juu mita 2.5 unapata mita za ujazo 50. Tani moja ya mahindi kwenye magunia inakula kama mita za ujazo 1.7, kwahiyo hapo zinaingia tani 29 hivi, sawa na gunia 290 za kilo 100. Za kilo 100 kweli, sio lumbesa.

Kama una ekari 10 na unapata gunia 20 kwa ekari, hilo ghala linakutosha na nafasi inabaki. Kama unavuna gunia 60, kata kipande kimoja, usijenge kwa sifa.

Hesabu hiyo hiyo inakuonyesha kwanini mahindi hayapandi gorofani. Lundo la mita 2.5 linakandamiza karibu tani moja na nusu kila mita ya mraba, wakati sakafu ya gorofa ya nyumba ya kawaida inapigiwa hesabu ya kilo 150 mpaka 200. Kwahiyo anayekwambia weka store juu sebule chini, muombe akalale yeye hapo chini.

Hatua ya 3: Kiwanja na msingi

Tafuta mteremko mdogo. Jamvi liwe usawa mmoja jengo zima, alafu ule upande wa chini ufanye uwe wa ghala, unajikuta sakafu ya ghala imenyanyuka yenyewe mpaka karibu na bodi la Fuso na vijana wanashusha gunia bila kuinua. Kiwanja kikiwa tambarare nyanyua msingi angalau sentimita 45 kutoka ardhini. Miti isiwe karibu, tawi lililogusa bati ni daraja la panya.

Ndani ya msingi jaza kifusi kwa matabaka, kila tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa, usikubali fundi ajaze lote siku moja. Juu mawe sentimita 20, mchanga mwembamba, dawa ya mchwa, alafu nailoni nzito ya ujenzi ile ya gauge 1000. Nailoni hii ndo roho ya ghala. Bila hiyo unyevu wa ardhini unapanda kupitia zege, gunia za chini zinaota ukungu na wewe unaona za juu ziko safi tu. Maungio yapishane sentimita 30 na ipande kidogo ukutani, na hakikisha vijana hawaitoboi kwa matoroli.

Zege la ghala liwe nene sentimita 15 na wavu wa nondo, la nyumba sentimita 10 linatosha. Mchanganyo 1:2:4 (simenti, mchanga, kokoto). Ghala peke yake ni mita za ujazo 7.2, mifuko ya simenti kama 45 mpaka 50. Mwagilia siku 7 mfululizo, hapa ndo wengi wanachoka siku ya pili. Sakafu ya juu iwe laini bila mashimo maana nyufa ndo nyumba ya wadudu msimu hadi msimu.

Hatua ya 4: Kuta, na pale juu ambapo fundi anapakimbia

Tofali za nchi 6 zinatosha, funga lenta kuzunguka jengo lote. Ndani ya ghala piga lipu laini na chokaa nyeupe, mdudu au alama ya panya inaonekana haraka. Na usimwage mahindi ya wazi yakaegemea ukuta, ukuta wa tofali haujajengwa kusukumwa pembeni, mahindi yake ni kwenye mifuko.

Sasa sikiliza vizuri. Kuta mbili zinazotazamana na kibaraza, ya ghala na ya nyumba, LAZIMA zipande mpaka zikutane na bati, zijengwe kama gebo kamili. Fundi wengi wanaishia usawa wa lenta wanasema dari itaziba. Dari haizibi kitu. Na hata akipandisha, pale mbao za papi zinapopita juu ya ukuta na lile bati lenye mawimbi panabaki vitundu vinavyoingia vidole viwili, kila wimbi kitundu chake, kutoka mwisho mmoja wa ukuta mpaka mwingine. Panya mdogo anataka tundu la milimita 6 tu.

Namna ya kupima: subiri usiku, mtu mmoja aingie ghalani na tochi kali aimulike juu ya ukuta, wewe simama kibarazani, zima taa, alafu arudie hivyo hivyo akiwa upande wa nyumba kabla jipsamu haijapigwa. Kila unapoona mwanga weka alama ya chaki. Alafu kesho yake ziba kwa wavu wa chuma na mota, sio kwa gunia wala povu, panya anakula povu. Rudia mpaka giza liwe giza kweli. Fundi atanuna, mwache anune, na malipo ya mwisho usitoe kabla ya hili zoezi.

Hatua ya 5: Paa

Bati gauge 28, gauge 30 itakupigia kelele na kupinda. Upepo wa Makambako unajulikana, na kile kibaraza wazi kinaruhusu upepo kunyanyua bati kutokea chini, kwahiyo kenchi zifungwe kwenye lenta kwa vyuma vilivyolazwa ndani ya zege tangu mwanzo, misumari peke yake haitoshi. Mbao ziwe za dawa. Bati lizidi ukuta sentimita 90 kila upande.

Ghalani usiweke dari, dari ya ghala ni hosteli ya panya. Weka bati mbili tatu za kupitisha mwanga usihangaike na tochi mchana, ila zisiwe juu ya lundo kabisa, mifuko ya nailoni haipendi jua.

Maji: paa lote na mapindo yake ni kama mita za mraba 190. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwahiyo sehemu inayopata milimita 900 kwa mwaka, hata ukipoteza asilimia 20, unavuna zaidi ya lita 130,000. Weka mifereji na tanki, ila tanki likae upande wa NYUMBA. Tanki linalovuja pembeni ya ukuta wa ghala litakuharibia mzigo wote.

Hatua ya 6: Milango na madirisha

Mlango wa ghala uwe wa chuma au mbao iliyopigwa bati sentimita 30 za chini, uwazi wa chini usizidi milimita 6. Matundu ya hewa yawe chini na juu pande zinazotazamana, yenye wavu wa robo nchi, wavu wa kuku ni wa kuku. Yawe na vifuniko, fungua mchana wa jua kavu, funga usiku na siku za ukungu maana hewa ya Njombe asubuhi ni kama maji.

Upande wa nyumba, kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja lenye grili ya kufunguka kwa ndani. Ghala lina magunia makavu na vumbi, likishika moto hutaki kukuta umejifungia mwenyewe.

Moto nao unapunguzwa kwa kupanga tu: petroli na dizeli zikae kibanda cha nje, mtungi wa gesi nje ya ukuta wa jiko, jiko la kuni liwe la nje. Nyaya za ghalani zipite ndani ya bomba, na soketi usiweke humo kabisa, taa tu. Jenereta isiwashwe ndani wala kibarazani, moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu.

Mbolea na dawa ni chumba kidogo cha nje kinachofunguka kwa nje. Mbolea ilale juu ya paleti, na urea isichanganyike na CAN, zikikutana zinavuta maji zinakuwa uji.

Hatua ya 7: Kujenga kwa awamu

Wengi wetu hela haiji mara moja. Mwaga msingi wote kwa pamoja, alafu jenga ghala na kibaraza kwanza ukiezeke, mahindi ya msimu yaanze kulipia nyumba. Kile kibaraza ndo kinakuwa kiungo, mwaka unaofuata unapandisha nyumba bila kubomoa chochote. Kitu kibaya ni kuanza kulala ghalani "kwa muda". Hiyo kwa muda naijua, inafika miaka. Kama unahitaji mlinzi mjengee kibanda chake nje, kibaraza kibaki wazi. Kuhusu kibali, eneo la mji nenda halmashauri kabla ya kuchimba, kijijini pitia serikali ya kijiji.

Hatua ya 8: Kuingiza mzigo

Jengo zuri halikaushi mahindi. Anika kwenye turubai au sakafu ya zege mbele ya ghala, sio ardhini, mpaka unyevu ushuke asilimia 13.5 au chini. Huna kipimo? Chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, tia mahindi mpaka robo, weka chumvi kavu kiasi, tikisa dakika kadhaa uache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa mahindi bado, yana zaidi ya asilimia 15. Chumvi isipoganda maana yake yako chini ya 15, sio lazima yawe 13.5, kwahiyo ongeza siku za jua kabla ya kufunga PICS, maana mfuko ule haupumui, ukifungia unyevu umefungia ukungu.

Na ukungu sio suala la kushusha bei sokoni tu. Sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, Makueni na Kitui huko, na 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara, kwa mahindi ya kawaida ya familia.

Kupukuchua kwa mashine fanyia nje, upande wa magharibi, madirisha ya nyumba yamefungwa. Punje zilizovunjika na chenga zitenge. Panga mifuko juu ya paleti, sentimita 15 kutoka sakafuni, mdomo wa kila mfuko ufungwe nailoni moja moja kwa kusokota na kukunja, sio zote kwa kamba moja. Andika tarehe kwa maka pen.

Kisha kila wiki pita na tochi ukizunguka ile njia ya mita 1, angalia kinyesi cha panya, unga mweupe chini ya mifuko, alama za maji ukutani. Mfuko uliotoboka kidogo ziba kwa solotepu pana siku hiyo hiyo, uliotoboka sana uhamishe, na hayo mahindi ndo yaende mashineni kwanza.